Je, Samoni Hufa kwa Joto? Somo Juu ya Bahari, Samaki na Sababu



Makala hii imetokana na swali la mzee mmoja wa jumuiya ndogo ndogo ninakokwenda kufanya utume siku za Jumamosi. Tulikuwa tukisoma pamoja Laudato si', waraka wa Baba Mtakatifu Fransisko wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu ya wote. Tulipofika sehemu inayozungumzia bahari nikataja, kama mfano tu, samaki wa Bahari ya Pasifiki waitwao samoni, nikasema wanakufa kwa sababu ya joto la bahari. Mzee huyo amevua ziwani tangu ujana wake. Akanyoosha mkono: "Frateri, ningu wetu walikwisha kwa sababu tuliwatega kwa nyavu kwenye midomo ya mito wakati wanapanda kutaga. Hilo tulilifanya sisi, tunalijua. Sasa hao wa kwako, hilo joto linawauaje? Wanaiva?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini sikuwa na jibu.

Muhula huu tunasoma falsafa ya asili, na karibu kila kipindi tunataja sababu: zile nne za Aristotle, kisha sababu per se na sababu per accidens. Nikaona aibu kwamba najua kuzitaja zote, na bado nimesimama mbele ya waamini nikatumia maneno "kwa sababu ya" bila kuyapima. Haya yafuatayo ni jaribio la kumjibu mzee wetu sawasawa. Sehemu kubwa itakuwa ya samaki na bahari, maana huwezi kufikiri vizuri juu ya sababu ya jambo usilolijua. Falsafa itakuja mwishoni, na msomaji ambaye si mseminari asiogope.

SAFARI YA MIAKA MINNE

Samoni ni wa aina nyingi. Nitamfuata mmoja hasa, samoni mwekundu, ambaye wavuvi wa kule humwita sokai, na nitaanzia kwenye Mto Fraser wa jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada. Jike hutaga mayai katika changarawe za kijito majani yanapopukutika, na muda mfupi baadaye yeye na dume wake hufa. Mayai hukaa chini ya changarawe kipindi chote cha baridi. Watoto wakitoka huingia ziwani, hukaa humo kwa kawaida mwaka mmoja, kisha hushuka na mto hadi baharini. Wakati huo samaki ana urefu wa kidole na uzito wa gramu chache.

Akishafika baharini hufuata pwani kuelekea kaskazini, halafu huingia katika Ghuba ya Alaska. Huko hula kwa takribani miaka miwili: planktoni, uduvi, ngisi wadogo, samaki wadogo. Zaidi ya asilimia 95 ya uzito wa mwili wake anaupata baharini. Kisha, katika mwaka wake wa nne, anageuka na kurudi kwenye mto uleule, mara nyingi hadi kijito kilekile alikozaliwa, akiwa na kilo mbili na nusu au tatu. Akiingia mtoni hali tena. Anapanda mamia ya kilomita dhidi ya mkondo kwa nguvu ya mafuta aliyoyaweka mwilini akiwa baharini, anataga, anakufa.

Wasomaji wa Kanda ya Ziwa watakuwa wamemkumbuka ningu, ambaye hutoka Ziwa Victoria na kupanda mito mvua zinaponyesha. Tofauti ni kwamba ningu hauachi ulimwengu wa maji matamu, wala hafi akishataga. Samoni ana nafasi moja tu. Ndiyo maana naomba tushike neno moja katika habari yake yote: mafuta. Samoni anayeingia mtoni bila mafuta ya kutosha ni kama gari lililoingia njia ya porini na tangi nusu.

Anajuaje njia? Akikaribia mtoni hutumia harufu ya maji ya nyumbani. Baharini, ambako harufu hiyo haifiki, inaonekana hutumia usumaku wa dunia. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ambao ulinivutia sana. Kisiwa cha Vancouver kimelala mbele ya mlango wa Mto Fraser kama mti ulioangukia njia, hivyo samoni anayerudi lazima azunguke upande wa kaskazini au upande wa kusini. Watafiti walichukua kumbukumbu za uvuvi za miaka 56 wakaangalia ni wangapi walipita wapi kila mwaka. Waligundua kwamba mabadiliko madogo ya usumaku kwenye milango ile miwili yaliendana na uchaguzi wa samaki. Lakini kulikuwa na jambo la pili lililoendana nao pia: joto la maji. Bahari ikiwa na joto zaidi, wengi zaidi hupita kaskazini.

Si jambo dogo kwa watu wa huko. Mlango wa kusini unapita mpakani mwa Kanada na Marekani, na wavuvi wa nchi zote mbili huutegemea. Mlango wa kaskazini uko Kanada mtupu. Kwa hiyo tofauti ndogo ya joto baharini inaweza kuhamisha riziki kutoka kwenye mashua ya mtu mmoja kwenda kwenye mashua ya mwingine, na hakuna aliyemwibia mwenzake.

KODI IMEPANDA, MSHAHARA UMEPUNGUA

Sasa tuingie katika swali lenyewe. Je, wanaiva?

Hapana. Katika maabara, samoni wekundu wachanga huvumilia maji hadi karibu nyuzi joto 24 za Selsiasi kabla ya kufa kwa joto lenyewe. Ghuba ya Alaska haifiki huko. (Mtoni ni habari nyingine. Maji ya Mto Fraser yakipita nyuzi 18 samaki wanaopanda huanza kuchoka, na yakipita 20 hufa wengi. Lakini hapa tunazungumzia bahari.)

Jibu liko ndani ya mwili wa samaki. Sisi binadamu tunatunza joto letu wenyewe. Mvua inyeshe, jua liwake, mwili unabaki vilevile. Samaki huwa na joto la maji aliyomo. Maji yakipata joto, kazi zote za mwili wake huenda mbio: moyo, upumuaji, usagaji wa chakula. Kila siku inayopita anatumia zaidi, hata kama hafanyi lolote la ziada. Mwaka 1969 mwanasayansi wa Kanada J. R. Brett na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha jambo hili kwa namna ambayo mimi naiona kuwa ufunguo wa suala zima. Waliwafuga samoni wekundu wachanga katika maji ya joto tofauti, na kuwapa chakula kwa vipimo tofauti. Waliopewa chakula tele walikua vizuri zaidi katika maji ya karibu nyuzi 15. Chakula kilipopunguzwa, joto lililowafaa zaidi likashuka. Waliopewa chakula kidogo sana kwa siku, asilimia moja na nusu ya uzito wao, walikua vizuri zaidi katika maji ya karibu nyuzi 5.

Tafadhali soma sentensi hizo mara ya pili. Zinasema kwamba hakuna joto moja ambalo, lenyewe tu, ni zuri au baya kwa samoni. Maji ya nyuzi 15 ni baraka kwa aliyeshiba na ni adhabu kwa mwenye njaa. Ni kama kodi ya nyumba: laki mbili kwa mwezi si nyingi wala si kidogo mpaka ujue mshahara wa mpangaji.

Basi swali linalofuata ni hili: joto likipanda baharini, mshahara wa samoni unakuwaje?

Mwaka 1996 mwanasayansi wa Marekani Bill Peterson alianza kutoka na chombo kila baada ya wiki mbili hivi kutoka mji wa Newport, pwani ya Oregon, akipitisha wavu mwembamba majini ili kuhesabu kopepodi. Hawa ni wadudu wa majini wadogo kama punje ya mchele au wadogo zaidi, na ni kati ya viumbe walio wengi sana baharini. Kazi hiyo iliendelea mwaka baada ya mwaka. Alichokiona ni kwamba kuna jamii mbili za kopepodi zinazopokezana katika pwani ile. Maji ya baridi yakishuka kutoka kaskazini huja na kopepodi wakubwa waliojaa mafuta. Maji ya joto yakija kutoka kusini huleta kopepodi wadogo wasio na mafuta mengi. Sababu inaeleweka hata kwa mkulima: wa kaskazini huweka akiba kwa ajili ya majira marefu ya baridi, na wa kusini hana haja ya ghala.

Uduvi na samaki wadogo hula kopepodi, na samoni wachanga hula uduvi na samaki wadogo. Mafuta yanapanda ngazi hiyo hatua kwa hatua. Miaka ya kopepodi wanono hufuatwa na miaka ya samoni wengi kurudi mtoni. Miaka ya kopepodi wakondefu hufuatwa na upungufu. Kwa hiyo joto humpiga samoni pande mbili kwa wakati mmoja: linapandisha kodi na linapunguza mshahara.

Ndipo nilipoelewa jambo lililokuwa limewashangaza watafiti. Mwaka 1998 David Welch na wenzake wawili walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za meli za utafiti za miaka 40. Waliona kwamba samoni wekundu hawatawanyiki ovyo katika Pasifiki ya kaskazini. Kuna mpaka wa joto, unaosogea na majira, na ukiuvuka kuelekea kusini samaki hao wanapungua ghafla kana kwamba umefika kwenye ukuta. Maji ya upande wa pili ni ya joto ambalo samaki angeweza kuliishi bila shida maabarani, lakini haendi. Welch na wenzake wakapiga hesabu: hewa ya ukaa angani ikifika mara mbili, mpaka huo utasogea kaskazini hadi Bahari ya Bering, na Pasifiki yenyewe inaweza kukosa mahali pa kumfaa samoni mwekundu.

DHORUBA AMBAZO HAZIKUJA

Mwishoni mwa mwaka 2013 maji ya Ghuba ya Alaska yalianza kuwa na joto lisilo la kawaida. Mwaka 2014 Nick Bond, mtaalamu wa hali ya hewa wa jimbo la Washington, alilipa eneo hilo jina la utani lililosambaa duniani kote: Blob, yaani donge lisilo na umbo. Kabla halijaisha mwaka 2016 lilikuwa limeenea pwani yote ya magharibi ya Amerika Kaskazini, na mahali pengine maji yalizidi kiwango cha kawaida kwa zaidi ya nyuzi 2.

Nilidhani joto hilo lilitokana na jua kali. Sivyo. Majira yale ya baridi mgandamizo mkubwa wa hewa ulikaa juu ya bahari kwa miezi, ukazizuia dhoruba. Kwa kawaida pepo za dhoruba hukoroga bahari, huipoza, na kuinua maji ya chini yenye rutuba. Safari hii hazikuja. Bahari haikuchomwa hasa, ilikosa kupozwa. Naomba msomaji aweke alama hapa, maana nitarudi.

Ni kweli pia kwamba Pasifiki ina mabadiliko yake ya asili yanayochukua miongo. Mwaka 1977 bahari ile iligeuka ghafla upande wa joto, samoni wa Alaska wakaongezeka sana wakati wale wa Washington na Oregon wakipungua. Mwalimu anayesema kila mabadiliko ya bahari ni kazi ya binadamu hasemi kweli. Lakini mabadiliko hayo ya asili sasa yanatokea juu ya bahari iliyokwisha kupata joto. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na gesi tunazozitoa angani limeingia baharini.

JAJI NA SAMAKI MILIONI TISA

Mwaka 2009 serikali ya Kanada ilitarajia zaidi ya samoni wekundu milioni 10 warudi Mto Fraser. Walirudi kama milioni moja na nusu. Hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Bruce Cohen wa Mahakama Kuu ya British Columbia. Watu walitaka jina la mkosaji. Wengine walisema ni mabwawa ya kufugia samoni yaliyoko kwenye njia ya wachanga, wengine wakasema chawa wa samaki, wengine uchafu wa viwandani, wengine wavuvi wa nchi nyingine.

Ripoti ya Cohen ilitoka mwaka 2012, vitabu vitatu. Hakumpata mkosaji mmoja. Alionyesha kwamba samaki waliokosekana ni wale walioshuka baharini mwaka 2007, na kwamba maji ya pwani waliyoyakuta mwaka huo yalikuwa na hali mbaya kwao, lakini alikataa kusema kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Kilichowachanganya watu zaidi ni kwamba wakati tume ikiwa kazini, mwaka 2010, walirudi zaidi ya milioni 28, idadi ambayo haikuwahi kuonekana tangu 1913. Hao walikuwa wameshuka mwaka 2008, bahari ilipokuwa ya baridi isivyo kawaida. Mto ule ule, mabwawa yale yale.

Baadhi ya watu walimlaumu jaji kwamba alitumia miaka mitatu kusema "sijui". Mimi namwona kama mtu aliyekuwa na ujasiri wa kutokutoa jina la uongo kwa umati uliotaka jina.

GHUBA MOJA IMEJAA, MTO MMOJA MTUPU

Kama msomaji bado anafikiri joto ni sumu tu, atazame magharibi mwa Alaska. Mwaka 2022 katika Ghuba ya Bristol walirudi samoni wekundu karibu milioni 79, wengi kuliko mwaka wowote uliowahi kuandikwa. Moja ya sababu ni kwamba maziwa wanamokulia yamepata joto, chakula kimeongezeka humo, na wachanga wanashuka baharini wakiwa wakubwa zaidi.

Kaskazini ya hapo, katika Mto Yukon, mambo ni kinyume kabisa. Kuna samoni waitwao chamu, chakula cha familia na cha mbwa wavutao sileji, na kuna chinuki, mkubwa na mwenye mafuta kuliko wote. Mwaka 2021 hao wote wawili walipungua kiasi kwamba hata uvuvi wa chakula cha nyumbani ulifungwa. Mwaka 2024 watafiti walichapisha habari za chamu wachanga waliovuliwa kwa miaka mingi katika Bahari ya Bering. Katika miaka ya joto matumbo yao yalikuwa na yavuyavu kwa wingi, ambao ni maji matupu, badala ya chakula chenye mafuta. Waliingia katika majira yao ya kwanza ya baridi bila akiba. Walikuwa wameshiba, lakini walikuwa na njaa.

Kando ya mto huo kipo kijiji kiitwacho Holy Cross, yaani Msalaba Mtakatifu, kilichokua kuzunguka misheni ya Wajesuiti iliyoanzishwa mwaka 1888. Vijiji kadhaa vya chini ya Yukon ni vya Wakatoliki kama sisi. Kwa vizazi vingi familia zao huhamia kambi za uvuvi kando ya mto, na hapo babu humwonyesha mjukuu namna ya kupasua samaki na kumkausha kwa moshi.

NAHODHA ASIYEKUWEPO

Turudi darasani. Joto ni sababu ya namna gani?

Jibu la haraka ni kusema ni sababu tendaji: joto hutenda, samaki hufa, kama panga linavyokata. Lakini tumeona kwamba sivyo. Maji ya nyuzi 15 hayamuui aliyeshiba. Katika kitabu cha pili cha Fizikia, Aristotle anatoa mfano wa meli na nahodha. Nahodha akiwepo, meli inafika salama. Asipokuwepo ikazama, tunasema kutokuwepo kwake ndiko kulikoizamisha. Kwa hiyo hata kukosekana kwa kitu huhesabiwa katika sababu, ikiwa kitu hicho ndicho kilichokuwa kikiokoa.

Sasa hesabu vitu vinavyokosekana katika habari yetu. Dhoruba hazikuja, baridi ikakosekana. Baridi ilipokosekana, kopepodi wanono hawakushuka. Walipokosekana, mafuta hayakupanda ngazi. Ni mnyororo wa manahodha wasiokuwepo, na mwisho wake kuna samaki wa urefu wa kidole anayeingia usiku mrefu wa kaskazini bila akiba.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatusogeza hatua moja mbele. Anazungumzia sababu iitwayo removens prohibens, yaani chenye kuondoa kizuizi, na mfano wake ni nguzo na jiwe. Anayeiondoa nguzo hajalisukuma jiwe. Jiwe huanguka kwa uzito wake lenyewe. Hata hivyo aliyeondoa nguzo ni sababu ya anguko, per accidens. Joto la bahari, kwa maoni yangu, liko karibu zaidi na mwondoa nguzo kuliko na panga. Samoni anaanguka kwa uzito wake mwenyewe: mwili wake hai unachoma akiba mpaka inakwisha. Ila mfano huu nao hautoshi kabisa, maana joto linafanya zaidi ya kuondoa nguzo. Linaongeza pia uzito wa jiwe. Thoma hakuhitaji mfano wa namna hiyo, lakini nadhani angeukubali.

Mwenzangu mmoja alileta pingamizi wakati wa mapumziko. Katika njia ya tano ya kuthibitisha kuwapo kwa Mungu, Thoma husema kwamba vitu visivyo na akili hutenda kwa lengo, daima au mara nyingi, kama mshale unaoelekezwa na mpiga mishale. "Sasa," akasema, "samoni milioni tisa wamekwenda baharini kutafuta chakula wakakuta hakuna. Mpiga mishale amekosea?" Tulibishana mpaka kengele ikalia. Jibu langu ni kwamba mshale haukupinda. Samoni wa mwaka 2007 walifanya kila kitu ambacho wale wa 2008 walifanya: walishuka wakati uleule, wakafuata pwani ileile. Kama maumbile yao yasingekuwa na lengo, tusingeweza hata kusema kwamba kuna kitu kimeharibika. Tungesema tu kwamba mwaka huu imetokea hivi, na ule mwingine vile. Ni kwa sababu samoni ameelekezwa kula na kurudi ndiyo maana bahari tupu ni ubaya kwake. Nabii Yeremia, katika sura ya nane, anawasifu ndege kwa kujua majira yao ya kurudi, na anawalaumu watu wasioijua hukumu ya Bwana. Hawalaumu ndege.

Hapo ndipo linapokuja suala la wajibu. Nimesikia hoja kwamba kwa kuwa sababu ni nyingi na nyingine ni za asili, basi hakuna wa kuulizwa. Siikubali. Aliyeondoa nguzo akijua kuna jiwe juu yake na watu chini yake hawezi kujitetea kwamba hakulisukuma. Tofauti yetu na wavuvi wa ningu ni hii tu: wao waliuona wavu mikononi mwao. Hapa nguzo inaondolewa na mikono mingi mno, kidogo kidogo, mingine mikubwa kuliko mingine, na jiwe linaanguka mbali. Mwaka 2001 maaskofu Wakatoliki wa bonde la Mto Columbia, upande wa Marekani na wa Kanada, walitoa waraka wa kichungaji juu ya mto huo, baada ya kuwasikiliza watu kwa miaka kadhaa: wavuvi, wakulima, wenye mabwawa ya umeme, watu wa makabila ya asili. Samoni wamo humo. Ninachokiheshimu zaidi katika kazi hiyo ni kwamba walisikiliza kwanza. Mimi nilianza kwa kuhubiri.

Jumamosi iliyopita nilirudi jumuiyani nikamweleza mzee haya yote, bila Kilatini. Alisikiliza akiwa ameegemea fimbo yake.

"Kwa hiyo wanakufa njaa katika bahari iliyojaa."

"Ndiyo, baba. Imejaa, lakini imejaa yavuyavu."

Nikamweleza pia kwamba mwezi Aprili 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusitisha kwa miaka 7 uvuvi wa chinuki wa Mto Yukon, ili waliobaki wapate kutaga. Nilitegemea afurahi, maana ningu hawakupata nafasi kama hiyo. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole.

"Mtoto aliyekuwa na miaka mitano siku ile," akasema, "atakuwa na kumi na miwili. Nani atakuwa amemfundisha kutengeneza wavu?"